Ridhaa ya Mgonjwa wa Akili na Kiti cha Mwenyekiti

Ukizisoma katiba za vyama vya Mtwara na Lindi utadhani zimetoka kwenye kalamu moja. Chama cha kuzikana cha Mikindani, kikundi cha akina mama cha Nachingwea, chama cha msingi cha wakulima wa korosho cha Tandahimba: ukifika kwenye sifa za mwanachama unakutana na masharti yale yale. Awe raia wa Tanzania. Awe ametimiza umri wa miaka 18. Awe na akili timamu. Nakala huazimwa kwa chama cha jirani, hupelekwa kwa mpiga chapa, jina likabadilishwa, muhuri ukachongwa, usajili ukaombwa.

Sharti hilo la tatu halimsumbui mtu mpaka chama kiwe cha watu wanaotibiwa maradhi ya akili. Hapo chama kinajikuta kimeandika, kwa mkono wake chenyewe, kwamba wanachama wake hawana sifa ya kuwa wanachama. Siku ugomvi wa uongozi ukiingia, sharti lile linageuka silaha. Hakuna haja ya kuthibitisha kwamba mwenyekiti kala fedha au kavunja katiba. Inatosha mtu mmoja asimame mkutanoni aseme: jamani, si mnaona mwenzetu karudiwa?

Watu wengi wakisikia habari ya ridhaa ya mgonjwa wanafikiria hospitali, na wakisikia ugomvi wa uongozi wanafikiria fedha za wafadhili. Mimi nayaona mambo haya mawili ni swali moja. Ni lini mtu mwingine anaruhusiwa kuamua kwa niaba yako, ruhusa hiyo kampa nani, na inakoma lini? Asiyejibu swali hilo wodini hatalijibu vizuri kwenye mkutano mkuu.

Tuanze hospitali. Ridhaa ya matibabu inataka mambo matatu yakutane: mgonjwa aelezwe, awe na uwezo wa kuelewa na kupima alichoelezwa, na aamue bila kutishwa wala kulaghaiwa. Kwa mgonjwa wa presha au wa ngiri mambo haya hayana utata mwingi. Kwa mgonjwa wa akili yanarukwa mapema mno. Anafika amebanwa kwenye bodaboda katikati ya ndugu wawili, mikono imeshikwa. Fomu inatolewa, anapewa kaka yake: saini hapa. Kama kaka hajui kuandika, biro inasuguliwa kwenye dole gumba mpaka liwe jeusi, kisha gumba linagandamizwa kwenye karatasi. Mwenye mwili yuko kwenye benchi na hajaulizwa hata jina. Hata anayekuja kliniki ya afya ya akili kwa ajili ya kifafa, ambaye kati ya degedege moja na jingine ana akili zake zote, mara nyingi husainiwa na nduguye kwa mazoea tu.

Kosa kubwa hapa ni kudhani kwamba uwezo wa kuamua unaondoka wote kwa pamoja. Mama anayesikia sauti anaweza kukataa kabisa kwamba sauti zile ni ugonjwa, na bado akajua vizuri kwamba haloperidol, dawa ya maradhi ya akili aliyopewa mara ya mwisho, ilimkakamaza shingo, ikamfanya ulimi mzito na mate yakamtoka mbele ya wakwe. Akisema “dawa ile sitaki”, watu wanasikia kichaa. Aliye makini atasikia taarifa ya tiba. Madhara hayo yanajulikana, kuna dawa ya kuyapunguza, dozi inaweza kushushwa, na dawa yenyewe inaweza kubadilishwa. Uwezo hupimwa kwa uamuzi uliopo mezani, kwa siku hiyo. Anayeshindwa leo asubuhi kuamua kama alazwe anaweza kuwa na uwezo kamili jioni wa kuamua anywe dawa gani, na nani aruhusiwe kumwona.

Sindano ya mwezi inahitaji uangalifu zaidi ya vidonge, na sioni ikipewa uangalifu huo. Ni dawa iliyotengenezwa kwenye mafuta, inadungwa kwenye msuli na kutoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Faida yake ni kubwa kwa mtu anayeishi kijiji cha mbali ambaye nauli ya kwenda kliniki ni mtihani. Lakini kidonge ukikichukia leo, kesho huli. Sindano ikishaingia haitolewi. Kwa hiyo maelezo lazima yatangulie, na hayahitaji ufundi mkubwa: “Kaka, hii itakaa mwilini wiki nne hivi, ukishadungwa hatuwezi kuirudisha. Mara iliyopita ilikufanyaje? Unapenda tuanze na dozi ndogo?” Ni maneno ya dakika moja. Nimeona wauguzi wanaoyasema, na wagonjwa wao hurudi tarehe yao ikifika.

Halafu kuna uji. Familia nyingi, kwa upendo na kwa kuchoka, husaga kidonge na kukitia kwenye uji au chai. Siwalaumu kwa uchovu wao, maana kulala nje ya mlango wa chumba cha kijana anayetangatanga usiku si jambo dogo. Ila wajue gharama yake. Mgonjwa mwenye hofu kwamba anawekewa sumu akigundua kidonge ndani ya uji, hofu yake imepata ushahidi. Baada ya hapo ataacha dawa, atakiacha na chakula cha nyumbani.

Kusini kuna jambo jingine ambalo fomu za hospitali hazilijui. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo kwa asili hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli juu ya wapwa zake, iwe ndoa, jando, deni au maradhi. Dini na maisha ya mjini vimempa baba nafasi zaidi, lakini mjomba hajaondoka. Mume anasaini asubuhi mke alazwe. Jioni mjomba anashuka kwenye basi kutoka Newala, anauliza nani kawaruhusu, anataka mpwa wake atolewe apelekwe kwa mganga anayemjua yeye. Wahudumu wanabaki katikati. Wataalamu na ndugu wanaweza kubishana hadi usiku juu ya nani mwenye mgonjwa, na katika ubishi wote huo mgonjwa asiulizwe neno. Ndugu ana kazi kubwa: anatunza, anashauri, anajua historia ya ugonjwa kuliko faili. Ridhaa ya mtu mzima hata hivyo si mali ya ukoo, wa kuumeni wala wa kukeni.

Jambo hilo huonekana wazi msimu wa korosho, fedha za mnada zikiingia benki. Wapo wanaoichukua fomu ya hospitali kama hati ya kusimamia mali ya mgonjwa. Sivyo. Kumpeleka mtu hospitali ni jambo moja, na kushika fedha zake ni jambo jingine ambalo linahitaji mahakama imteue msimamizi na imtake atoe hesabu.

Sheria yenyewe inasemaje kuhusu nguvu? Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008, ambayo inatambua kulazwa kwa hiari na kulazwa bila hiari. Kulazwa bila hiari kunawahusisha wataalamu wa afya na mahakama. Waliofanya makosa ya jinai wakiwa wagonjwa wana njia yao, inayofika hadi Isanga, taasisi ya wagonjwa wa namna hiyo iliyoko Dodoma, jirani na Hospitali ya Mirembe. Kwa mtu wa Mtwara, Dodoma ni mwendo wa karibu kilomita 1,000 kupitia Dar es Salaam. Akipelekwa huko, ndugu wa kumtembelea ni wachache, na wa kumuuliza kama anaridhika na tiba ni wachache zaidi. Ndiyo maana yanayofanyika mwanzoni, kwenye hospitali za mkoa za Ligula (Mtwara) au Sokoine (Lindi), au hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao, yana uzito mkubwa.

Watu wengi, wakiwemo viongozi wa vyama vya wagonjwa, huchanganya kulazwa na kutibiwa. Kulazwa kwa lazima kunamzuia mtu asiondoke. Hakumfanyi awe bubu. Kila dawa, kila sindano, kila kipimo bado anapaswa kuelezwa na kuulizwa, na akikataa sababu zake ziandikwe. Aliyefungiwa mlango ana haki zaidi ya kuulizwa, kwa kuwa hana tena njia ya kukataa kwa miguu yake.

Ngazi ya dunia bado ina mvutano. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, Tanzania ikauridhia mwaka 2009, kisha ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Mkataba unawahusu pia wenye ulemavu unaotokana na maradhi ya akili. Ibara ya 12 inasema wana hadhi sawa mbele ya sheria, ya 14 inalinda uhuru wao, ya 25 inataka watibiwe kwa ridhaa yao wenyewe baada ya kuelezwa. Mwaka 2014 kamati inayousimamia ilitoa tafsiri kali: mtu asiamuliwe na mwingine, asaidiwe aamue mwenyewe. Madaktari wengi wa akili duniani waliipinga, wakiuliza watafanya nini na mtu anayetaka kujirusha baharini usiku huu. Wanaharakati wakajibu kwamba usiku huo mmoja umetumika kuhalalisha miaka ya kufungiwa.

Msimamo wangu ni kwamba kuna dharura ambazo kumshika mtu ni kumwokoa. Lakini dharura ina saa yake ya kuanza na ya kwisha, na lazima iandikwe: nani aliamua, kwa sababu gani, nguvu gani ilitumika, lini mgonjwa aliulizwa tena. Nguvu isiyoandikwa haina mwisho. Ndivyo inavyokuwa kwa kijana anayefungwa mnyororo kwenye mwembe wa mganga, na ndivyo inavyokuwa kwa anayechomwa sindano mwaka wa tano bila mtu kumuuliza kama bado anaihitaji.

Ujerumani walipata njia moja ya kupunguza mvutano huo. Sheria yao ya mwaka 2009 inamwezesha mtu mzima, akiwa na akili zake, kuandika matibabu anayoyakubali na anayoyakataa siku atakapokuwa hawezi kusema, na andiko hilo linawafunga madaktari kwa ugonjwa wowote na hatua yoyote. Mwaka 2011 Mahakama yao ya Katiba ikatamka kwamba mtu kutoutambua ugonjwa wake hakumnyang'anyi haki juu ya mwili wake. India nayo iliweka maelekezo ya namna hiyo katika sheria yake ya afya ya akili ya mwaka 2017. Kwetu karatasi kama hiyo haina nguvu ile, lakini hakuna linalozuia mgonjwa kuiandika, ikasainiwa mbele ya muuguzi wake wa kliniki na kubandikwa kwenye faili. Nitairudia, kwa sababu kwenye chama ndiyo itakayotusaidia.

Sasa twende chamani. Chama kinaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Vyama kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani, au kama shirika lisilo la kiserikali chini ya sheria ya mwaka 2002, ambako maofisa maendeleo ya jamii wa mkoa na wilaya humsaidia msajili. Wadhamini wake husajiliwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Jueni mmesajiliwa wapi kabla ya kupeleka lalamiko. Nauli nyingi za Dar es Salaam na Dodoma zimeteketea kwa barua zilizofikishwa mlango usiohusika.

Ugomvi wenyewe huanza kwa maneno makubwa, demokrasia na uwazi, na kuishia kwenye vitu vitatu vinavyotosha kwenye mfuko wa rambo: cheti cha usajili, muhuri, na karatasi ya benki yenye majina ya watia saini. Mwenye navyo ndiye mwenye chama, wengine wote ni wenye hoja. Kitabu cha mihtasari, kile cha kaunta chenye jalada gumu, hupotea wiki ile ile ya ugomvi. Bila kitabu hicho hakuna anayeweza kuonyesha kama akidi ilitimia siku uongozi ulipochaguliwa.

Katika vyama vya wagonjwa wa akili kuna chanzo cha ziada. Chama ni cha nani, cha wagonjwa au cha ndugu zao? Wote wanateseka, lakini hawateseki kwa jambo moja. Ndugu anataka dawa zisikatike zahanati, anataka polisi waje haraka akipiga simu. Mgonjwa anataka dawa isiyomkakamaza, anataka polisi wasimtie pingu mbele ya watoto wake. Ndugu ndio wenye nauli, simu za kisasa na barua nzuri, kwa hiyo baada ya miaka michache uongozi huhamia kwao bila mtu kutangaza. Ujerumani ndugu wa wagonjwa waliunda shirikisho lao la taifa mwaka 1985, na waliopitia hospitali za akili wakaunda la kwao mwaka 1992. Kila upande ukapata mahali pa kusema lililo lake. Afrika, mtandao wa bara wa watumiaji wa huduma za akili ulianzia Kampala mwaka 2005, nao ulisimama juu ya wagonjwa wenyewe. Kwa mkoa kama Lindi, ambako hata chama kimoja kinakaa kwa taabu, kugawana vyama viwili ni anasa. Inawezekana kuishi pamoja kwa sharti moja: viti vya mwenyekiti na katibu, na zaidi ya nusu ya kamati ya utendaji, viwe vya waliotibiwa wenyewe. Ndugu wawe wanachama kamili, wapige kura, washike uhazini kama wana ujuzi.

Chukua mfano wa kubuni. Mwenyekiti amelala vibaya wiki nzima, anapigia wanachama simu usiku wa manane, ameahidi mabati kwa kila mtu. Makamu wake ni shemeji yake. Shemeji anamfikisha hospitali, anasaini fomu, mwenyekiti analazwa. Siku ya nne unaitwa mkutano wa dharura chini ya mkorosho, watu kumi na wawili wanahudhuria, shemeji anakuwa mwenyekiti, na muhtasari unapelekwa benki ukiwa na barua ya hospitali imeambatishwa.

Kuna makosa manne hapo, na kila moja lina mizizi wodini. Barua ya hospitali imefikaje benki? Habari za ugonjwa ni siri ya mgonjwa, na chama hakina haki ya kuzipata bila ridhaa yake, hata kama ndugu ndiye aliyezibeba. Pili, mkutano ulihitaji taarifa ya siku zilizotajwa kwenye katiba na akidi yake. Udharura hauziondoi labda katiba yenyewe iseme hivyo. Tatu, mwenyekiti hakusikilizwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inataka mtu apewe fursa ya kusikilizwa kikamilifu mahakama au chombo kingine kinapoamua juu ya haki zake, na misingi hiyo hiyo ndiyo itakayotumika shauri likifika mbele ya hakimu. La nne ndilo zito kuliko yote: mkono uliosaini alazwe ndio uliopokea kiti chake. Hata kama shemeji alifanya yote kwa nia njema, mgonjwa yule hatamwamini tena mtu anayemwambia twende hospitali, na wanachama wengine wote wamejifunza kuficha dalili zao.

Wapo watakaonijibu kwamba hata Katiba ya nchi, ibara ya 5(2), inaruhusu sheria kumzuia mtu kupiga kura kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Ni kweli, lakini hata hapo inatakiwa sheria iliyotungwa na Bunge. Watu kumi na wawili chini ya mkorosho si Bunge. Mwenyekiti aliyevunjika mguu akalazwa miezi miwili haondolewi kitini. Makamu anakaimu, wenzake wanampelekea chakula. Kulazwa wodi ya akili hakuna sababu ya kuhesabiwa tofauti.

Nao wanachama walio na wasiwasi juu ya fedha wana haki. Mtu aliyepandwa na ugonjwa anaweza kumaliza akaunti kwa siku moja. Dawa ya hilo ni watia saini watatu na kikomo cha matumizi, vinavyomhusu kila kiongozi, mzima na mgonjwa. Na hapa ndipo ile karatasi ya maelekezo inaporudi. Kiongozi akiwa mzima aandike dalili zake anazozijua yeye: nikikosa usingizi siku tatu mfululizo, nikianza kuahidi vitu, fulani akaimu, nipelekwe kliniki ile, dawa fulani nisipewe. Nakala moja ikae kwenye faili la kliniki, nyingine kwa katibu ndani ya bahasha iliyofungwa. Siku hiyo ikifika, wanaomzuia wanatekeleza neno lake mwenyewe.

Kwa vyama vinavyotaka kurekebisha katiba, futeni “akili timamu” kwenye sifa za mwanachama na muweke kipengele cha namna hii:

“Kiongozi anayeugua, kwa maradhi yoyote, atahesabiwa yuko likizo ya ugonjwa, na atakaimiwa kwa muda usiozidi siku 90. Kuugua, kulazwa au kutumia dawa hakutakuwa sababu ya kumwondoa mtu uongozini. Kiongozi ataondolewa kwa alichotenda au alichoshindwa kutenda, baada ya kupewa tuhuma zake kwa maandishi na kusikilizwa akiwa na mtu anayemwamini. Mwanachama aliyeshiriki kumlaza kiongozi hatakaimu nafasi yake wala kupiga kura katika shauri la kumwondoa, isipokuwa kiongozi huyo awe alimtaja kwa maandishi akiwa mzima. Chama hakitapokea taarifa ya kitabibu ya mwanachama bila ridhaa yake ya maandishi.”

Kipengele hicho kipitishwe na mkutano mkuu wenye akidi, kiandikwe kwenye mihtasari, kisha kipelekwe kwa msajili mapema, kabla ugomvi haujaanza. Kisipopelekwa, katiba itakayotazamwa siku ya shauri ni ile iliyomo kwenye jalada lake.